Miguu Mikavu Kambini: Mwongozo Kamili wa Kulala na Joto Miguuni

Ukifika mahali pa kupiga kambi baada ya kutembea siku nzima na viatu vimelowa, mwili unakuomba jambo moja tu: ukae. Usikae kwanza. Wakati huo bado una joto la mwendo, damu inafika hadi ncha za vidole, na nusu saa inayofuata ndiyo itakayoamua kama utalala au utakesha ukisugua nyayo. Nimekesha hivyo zaidi ya mara moja. Kila nilipojiuliza kosa lilianzia wapi, niligundua kuwa hema halikuwa na kasoro na mfuko wa kulalia ulikuwa mnene wa kutosha. Kosa lilikuwa kukaa nikinywa chai na soksi mbichi miguuni, nikasubiri mpaka baridi ikaingia, ndipo nikaanza kuhangaika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayebeba mzigo wake mwenyewe mgongoni na kulala hemani. Kila kitu ninachotaja hapa kinabebeka, na vingi tayari unavyo.

Kwanza elewa joto linatoka wapi

Soksi haina joto lake. Kazi yake ni kuzuia joto la mwili lisipotee, na joto hilo huletwa mguuni na damu. Kiwiliwili kikianza kupoa, mwili hubana mishipa midogo ya mikononi na miguuni ili damu ya moto ibaki kwenye moyo, ubongo na viungo vya ndani. Ndiyo maana mtu anaweza kuvaa soksi tatu na vidole vikabaki vya baridi kama chuma: soksi zinalinda joto ambalo halijafika. Mara nyingi dawa ya miguu baridi ni kofia, koti na chakula.

Adui wa pili ni maji. Maji hupitisha joto takribani mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia, kwa hiyo soksi iliyolowa ni kama njia iliyofunguliwa kutoka kwenye ngozi yako hadi nje. Tena maji hayo yakikauka, hukauka kwa gharama yako. Gramu 50 tu za maji, kiasi cha vijiko vitatu vya chakula, zikikaukia mguuni hunyonya joto ambalo lingeweza kupandisha lita nzima ya maji kwa karibu nyuzi 28 za Selsiasi. Joto hilo linatoka kwenye mwili ambao tayari umechoka.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, na usiuvuruge: kausha mguu, utenge na ardhi, pasha mwili, kisha ndiyo ufunike.

Vitu vya kufunga kabla ya safari

Beba jozi tatu za soksi. Mbili ni za kutembelea, zinapokezana. Ya tatu ni ya kulalia, na hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko kitu kingine chochote katika mwongozo huu. Iwe ya sufu nene, iwe pana kidogo isibane popote, na ifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji pamoja na mfuko wa kulalia. Ni mwiko kuivaa njiani. Hata mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, hata jozi zote mbili za kutembelea ziwe mbichi asubuhi, hii haitoki. Utavaa soksi mbichi huku ukijua una kavu ndani ya shanta, na hilo linauma. Lakini karaha yake hupungua baada ya dakika kumi za kutembea, ilhali usiku usio na soksi kavu ni wa saa kumi.

Kwa nini sufu? Nyuzi zake hufyonza mvuke wa jasho hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mkono haujahisi unyevu, na hata ikilowa bado hubaki na nafasi za hewa ndani yake. Pamba ikilowa hulala bapa kwenye ngozi na kukaa hivyo hadi kesho, basi iache nyumbani. Poliesta na nailoni hukauka upesi na zinafaa kwa kutembelea, hasa zikichanganywa na sufu.

Ongeza vitu vidogo hivi:

- Mifuko miwili ya plastiki imara inayoingia mguu hadi juu ya kifundo. Haina uzito wa kutajwa, na sijaona kifaa chepesi chenye faida kubwa kuishinda.
- Kipande cha sponji ngumu ya godoro la kambi, ukubwa wa kukalia. Utakikalia, utakisimamia, na usiku kitalala chini ya visigino.
- Kitambaa kidogo cha kukaushia, kiwe cha miguu tu.
- Mafuta mazito ya mgando, kiasi cha kijiko ndani ya kichupa.
- Viatu vyepesi vya kambini. Viatu vya povu vilivyofunikwa mbele ndivyo ninavyovipenda, kwa sababu vinaingia hata mguu wenye soksi nene. Ndala zenye kamba katikati ya vidole hazikubali soksi, basi hazifai penye baridi. Kwenye theluji, chukua viatu vya kitambaa vilivyojazwa manyoya ya bata au pamba bandia, vyenye soli ya sponji.

Kuhusu buti zenye utando usiopitisha maji, msimamo wangu ni huu: ni nzuri kwenye theluji kavu na umande wa asubuhi. Kwenye mvua ya siku nzima au njia yenye vijito vingi, maji huingia kwa juu, na yakishaingia hayana pa kutokea. Kiatu cha kitambaa chepesi kinalowa upesi lakini kinaweza kukauka kwa saa chache za jua na upepo. Cha utando kinaweza kukaa kibichi siku mbili. Chagua ukijua jioni utakabidhiwa kiatu cha aina gani.

Mahali pa hema

Hewa baridi ni nzito na usiku huteremka, ikatulia mabondeni na kando ya mito kama maji yanavyojaa kwenye sahani. Ukipanda mita chache tu juu ya ukingo wa mto, unaweza kupata mahali penye joto zaidi na umande mchache. Epuka majani marefu yaliyolowa, maana kila ukitoka kwenda haja utarudi na vifundo vibichi. Ardhi ikiwa na mteremko kidogo, kichwa kiwe juu.

Nusu saa ya kwanza

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Ukitua shanta, vaa koti na kofia kabla ya kufanya lingine. Usingoje kuhisi baridi. Jasho la mgongoni litaanza kukupoza ndani ya dakika tano, na mwili ukiona hivyo, miguu ndiyo inayokatiwa damu mapema.

Kisha maliza kazi zote za majimaji ukiwa bado na viatu vibichi: kusimika hema, kuchota maji, kwenda haja, kukusanya mawe ya kushikilia kamba. Watu wengi hubadili soksi mara tu wanapofika, halafu wanakumbuka maji hayajachotwa, wanarudisha miguu mikavu ndani ya viatu vilivyolowa, na jozi kavu inaharibika kabla giza halijaingia. Fanya haraka, lakini fanya zote.

Sasa keti mlangoni mwa hema juu ya sponji, miguu ikiwa nje. Vua viatu na soksi, uvitenge mbali na mfuko wa kulalia. Futa matope na chumvi ya jasho kwa kitambaa kilichokamuliwa. Chumvi ikibaki huvuta unyevu na kuikwaruza ngozi. Halafu kausha. Kausha kweli, kidole kimoja kimoja, na katikati ya vidole, kwa sababu hapo ndipo unyevu hujificha na fangasi huanzia. Ukimaliza, kaushia tena chini ya kidole kidogo. Sehemu hiyo husahaulika kila mara.

Iache miguu wazi dakika tano hadi kumi kama upepo si mkali. Ngozi iliyokaa ndani ya maji kutwa inakuwa nyeupe na yenye mikunjo kama ya mtu aliyefua nguo asubuhi nzima, na ngozi hiyo ni laini, inachubuka kwa kuguswa. Ipe nafasi ijirudi. Kanda wayo kwa vidole gumba kuanzia kisiginoni kwenda vidoleni, pindisha vidole juu na chini, zungusha vifundo. Huo pia ndio wakati wa kutafuta malengelenge, kucha zilizokwaruza jirani zake na mipasuko ya kisigino. Paka mafuta mazito kwenye visigino na pembeni mwa vidole, safu nyembamba tu.

Ngozi ikishatulia, vaa jozi kavu ya kutembelea na viatu vya kambini. Soksi za kulalia zibaki mahali pake mpaka uingie hemani. Kama jozi zote mbili zimelowa na huna viatu vya kambini, ndipo mifuko ya plastiki inapofanya kazi: vaa soksi za kulalia, ingiza kila mguu ndani ya mfuko, kisha ndani ya buti mbichi bila kukaza kamba. Maji ya buti hayatafika kwenye soksi. Usikae hivyo jioni nzima, kwani plastiki huzuia hata jasho lisitoke. Saa moja ya kupika na kula inatosha.

Soksi mbichi na buti mbichi

Soksi iliyolowa chapachapa haikaushwi kwa joto la mwili, kwanza hukamuliwa. Itandaze juu ya kitambaa, viringisha vyote pamoja, sokota, kisha kanyaga kwa kisigino. Utashangaa maji yanayotoka kwenye soksi uliyodhani umeshaikamua kwa mkono. Penye upepo na hewa kavu, itundike nje. Penye ukungu usijisumbue. Itundike usiku kucha na itakuwa mbichi vilevile asubuhi.

Ikishabaki na unyevunyevu tu, ilaze bapa begani au tumboni, kati ya fulana na sweta, wakati unapika na kula. Utahisi ubaridi dakika za mwanzo, kisha mwili huzoea. Fanya hivi mapema, ungali una nguvu na chakula cha moto, wala usingoje mpaka ulale. Kuingia na soksi zenye maji mengi ndani ya mfuko wa kulalia ni kuhamisha maji hayo kwenye manyoya ya bata, na manyoya yaliyolowa hushikana madonge na kuacha kuhifadhi joto.

Buti zifungue kamba zote hadi chini, vuta ulimi nje, toa soli za ndani uziweke kando. Pangusa ndani kwa kitambaa mara kadhaa, ukikikamua kila mara. Zilaze kwa ubavu ndani ya ukumbi wa hema, midomo ikiwa upande usio na mvua.

Usiziweke kando ya moto. Gundi ya soli hulegea, ngozi hukauka ikapasuka, na nailoni huyeyuka kabla hujanusa chochote. Kipimo changu ni mkono: kama siwezi kuweka kiganja mahali hapo kwa muda mrefu bila kukiondoa, kiatu hakikai hapo. Wengine hupasha mawe na kuyatia ndani ya buti. Mawe ya mtoni yana maji katika nyufa zake na yanaweza kupasuka kwenye moto, kwa hiyo mimi siyatumii kabisa.

Baridi ikitarajiwa kushuka chini ya nyuzi 0, tatizo hubadilika. Hapo huhangaiki tena na kukausha buti, unahangaika zisigande. Asubuhi ya tarehe 29 Mei 1953, katika kambi yao ya mwisho chini ya kilele cha Everest, Edmund Hillary alizikuta buti zake zimeganda ngumu. Zilichukua karibu saa mbili kulainishwa juu ya moto wa jiko kabla yeye na Tenzing Norgay hawajaweza kuondoka kwenda kileleni. Wewe zitie ndani ya mfuko usiopitisha maji, uzilaze kwenye miguu ndani ya mfuko wa kulalia au chini ya magoti. Na kabla ya kulala, panua midomo yake kama vile unataka kuzivaa, ili hata zikiganda kidogo mguu uweze kuingia.

Usiku

Usiingie kulala na miguu baridi ukitumaini mfuko utaipasha. Mfuko huhifadhi ulichoingia nacho. Kula kitu chenye mafuta na wanga, kunywa kinywaji cha moto, nenda haja, kisha chuchumaa na kuinuka mara ishirini au thelathini mpaka uhisi mapaja yamepata moto. Usifike kutoka jasho. Ingia mara moja, na hapo ndipo soksi za kulalia zinapovaliwa.

Ardhi hunyonya joto zaidi ya hewa iliyo juu yako, kwa hiyo godoro lina umuhimu kuliko wengi wanavyodhani. Magodoro mengi ya kambi huandikwa kiwango cha R, yaani uwezo wa kuzuia joto lisipite. Namba hizo hujumlishwa: la 2 juu ya lingine la 2 hukupa 4. Godoro likiwa fupi na miguu inaning'inia nje, weka shanta tupu chini ya miguu, na kile kipande cha sponji juu yake.

Mfuko wa kulalia ukiwa mrefu kuliko wewe, nafasi tupu ya mwisho lazima uipashe joto kwa mwili wako. Ijaze nguo kavu. Ukiwa mfupi, vidole vitasukuma kitambaa na kubana ujazo wake, na sehemu iliyobanwa haina joto.

Chupa ya maji ya moto ni raha ambayo sitaki mtu yeyote aikose. Tumia chupa ya plastiki ngumu inayostahimili maji ya moto, funga kifuniko, igeuze juu chini uikamue kuona kama inavuja, kisha ivike soksi. Iweke kwanza katikati ya mapaja, penye mishipa mikubwa inayopeleka damu chini, na baada ya robo saa isukume hadi miguuni. Mwenye kisukari au ganzi ya miguu asiiguse ngozi kwa chupa hiyo, kwa sababu anaweza kuungua bila kuhisi.

Asubuhi utakuta mwisho wa mfuko una unyevu. Mara nyingi si mvua. Ni pumzi yako iliyogeuka matone kwenye ukuta wa hema, mguu ukagusa ukuta. Acha matundu ya hewa wazi hata kama kuna baridi, na vika koti la mvua mwisho wa mfuko, zipu ikiwa imefungwa. Pumzi pia isiingie ndani ya mfuko. Pua na mdomo vibaki nje.

Na jiko lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa ili kupasha miguu. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na imewaua watu waliokuwa wakitafuta joto tu.

Asubuhi

Kabla hujatoka, vua soksi za kulalia ukiwa bado ndani ya mfuko na uzirudishe kwenye mfuko wake. Vaa za kutembelea, hata kama ni mbichi, lakini usizivae mpaka kila kitu kingine kimefungwa na umebakiza kukunja hema. Kisha anza kutembea mara moja. Soksi mbichi kwa mtu anayetembea huvumilika. Kwa mtu aliyesimama akingojea wenzake ni jambo lingine.

Dalili za kusimamisha safari

Mdharau mwiba mguu huota tende. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, maelfu ya askari waliharibikiwa miguu kwa kusimama siku nyingi ndani ya mahandaki yenye maji na tope, na ndipo jina la mguu wa handaki lilipoenea. Jeshi la Uingereza liliwaamuru askari wake kubadili soksi kila siku na kupaka miguu mafuta ya nyangumi, huku maofisa wakikagua. Ugonjwa huo hauhitaji barafu. Unaweza kumpata mtu hata kwenye nyuzi 10 au 15 kama mguu umekaa mbichi saa nyingi mfululizo.

Huanza kwa ganzi na rangi iliyofifia au yenye madoa. Mguu ukipashwa moto huwa mwekundu, huvimba na kuuma kama unaungua. Ukiona hivyo, kausha, inua miguu, ipashe polepole kwa joto la mwili, usiisugue, na usirudi kwenye maji kesho yake. Maumivu au ganzi isiyoondoka ni sababu ya kugeuza safari na kumtafuta daktari.

Ngozi kuganda ni jambo jingine tena. Kidole huwa cheupe au cha kijivu, kigumu, kama nta, wala hakiumi. Usikisugue, usikipake theluji, usikisogeze kwenye moto, kwa sababu kimekufa ganzi na kitaungua. Kama msaada uko mbali na bado lazima ushuke kwa miguu, ni salama zaidi kutembea na mguu uliokwisha kuganda kuliko kuuyeyusha na kuuacha ugande tena, kwani kuganda mara ya pili ndiko kunakoua nyama. Yeyusha tu mahali ambapo hautaganda tena na hutahitaji kuukanyagia, kwa maji ya nyuzi 37 hadi 39.

Mtu mwenye ganzi hajui kwamba ana ganzi. Kwa hiyo mkiwa wawili au zaidi, kila jioni vueni soksi mbele ya taa na kila mmoja amtazame mwenzake miguu, pamoja na yule anayesema yuko sawa.